Kuondoa Shauri na Kuacha Dai: Historia ya Istilahi Mbili

Utangulizi

Miongoni mwa matendo yanayotendeka mahakamani, ni machache yanayoonekana mepesi kama lile la mdai kusimama na kusema kwamba hataki tena kuendelea na shauri lake. Hakuna ushahidi unaotolewa, hakuna hoja zinazoshindana, wala hakimu haandiki hukumu ndefu. Mstari mmoja huandikwa katika jalada, na wahusika hutoka nje. Hata hivyo, mstari huo mmoja waweza kubeba maana mbili zilizo mbali sana. Waweza kumaanisha kwamba mdai amelirudisha shauri lake nyumbani ili alitengeneze na kulileta tena siku nyingine. Waweza pia kumaanisha kwamba amelizika dai lenyewe, wala hana tena haki ya kulifufua.

Nchini Tanzania, Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Tangu hapo tofauti tuliyoitaja imekoma kuwa ya wanasheria peke yao. Mtafsiri wa sheria, karani anayeandika amri ya mahakama, na mwalimu anayewafundisha wanafunzi wake maneno ya uraia, wote hukutana nayo. Na maneno wanayoyakuta ni mengi, tena yamechanganyika: kuondoa shauri, kufuta kesi, kuacha kesi, kujitoa katika kesi, kutupa kesi. Mara nyingi hutumiwa kana kwamba ni kitu kimoja.

Makala haya yana makusudi mawili. Kwanza, kueleza jinsi sheria ilivyofika kutofautisha matendo hayo, na jinsi tofauti hiyo ilivyofika Afrika ya Mashariki. Pili, kupendekeza namna ya kuyapanga maneno tuliyo nayo, ili kila tendo liwe na jina lake.

Mdai ni nani?

Yafaa tuanze na neno lililo karibu nasi. Dai, mdai, madai na daawa ni maneno ya asili moja ya Kiarabu, na yamo katika Kiswahili tangu kabla ya mahakama za kikoloni. Wanazuoni wa sheria za Kiislamu walijiuliza tangu zamani: kati ya watu wawili walio mbele ya kadhi, yupi ni mdai na yupi ni mdaiwa? Swali hili lilikuwa na uzito, kwa kuwa mzigo wa kuleta ushahidi humwangukia mdai.

Katika Minhaj al-Talibin, kitabu cha Imamu Nawawi wa karne ya 13 ambacho kimesomwa sana na Mashafii wa pwani yetu, zimetajwa rai mbili. Ya kwanza, iliyopewa nguvu zaidi, yasema kwamba mdai ni yule ambaye kauli yake inapingana na hali inayoonekana. Ya pili yasema kwamba mdai ni yule ambaye akinyamaza huachwa. Wanazuoni wa madhehebu ya Hanafi nao walimweleza mdai kwa njia iliyo karibu na hiyo ya pili: ni mtu asiyelazimishwa kuendelea na ugomvi akiuacha, ilhali mdaiwa hulazimishwa.

Katika rai hiyo ya pili, uwezo wa kuacha ndio hasa unaomfanya mtu awe mdai. Lakini wanazuoni hao hao hawakuchanganya kunyamaza na kusamehe. Mtu aliyenyamaza ameacha ugomvi kwa wakati huo. Mtu aliyemwondolea mwenzake deni kwa kauli ameimaliza haki yenyewe. Kwa hiyo mzee wa pwani asemaye, "Nimeyaacha kwa leo," na yule asemaye, "Nimemsamehe, sina dai naye," hawasemi jambo moja, na kila asikiaye hujua hivyo. Tofauti tunayoitafuta, basi, si ngeni katika fikra za Waswahili. Kilichokosekana ni kuiwekea istilahi.

Uingereza: kutofuata na kujivuta nyuma

Kanuni zinazotumika sasa katika mahakama zetu za madai zilitoka Uingereza kupitia India, na hapana budi tuzifuate huko.

Katika mahakama za Uingereza za zama za kati, mtu aliyefungua daawa alitakiwa kutoa wadhamini kwamba ataifuata hadi mwisho. Asipoifuata, mfalme aliweza kumtoza faini kwa kuwa amesumbua mahakama na jirani yake bure. Baada ya muda udhamini huo ukawa jina tu, hata makarani wakawa wanaandika majina ya watu wasiokuwako, John Doe na Richard Roe. Lakini wazo lenyewe lilibaki: daawa ni kitu cha kufuatwa, na mdai aweza kuhukumiwa kwa kutofuata.

Kutokana na wazo hilo ilizuka desturi ya ajabu. Kabla juri, yaani jopo la raia 12 walioapishwa, haijatoa uamuzi wake, mdai aliitwa kwa jina. Wakili aliyeona ushahidi wa upande wake umelegea alimshauri mteja wake asiitike. Mpiga mbiu aliita, mdai akanyamaza, na mahakama ikaandika kwamba hakufuata daawa yake. Shauri likaishia hapo, lakini haki haikufa: mdai aliweza kurudi na ushahidi bora zaidi. Sheria iliyotungwa mwanzoni mwa karne ya 15, wakati wa Henry IV, ilimzuia kufanya hivyo baada ya juri kutamka uamuzi. Katika karne ya 16, wakati wa Henry VIII, mdaiwa alipewa haki ya kulipwa gharama zake katika aina kadhaa za mashauri ya namna hiyo.

Pamoja na kutofuata kulikuwa na tendo la pili, lililoitwa kwa neno la Kilatini retraxit, lenye maana ya "amejivuta nyuma". Hapa mdai hakunyamaza. Alifika mahakamani na kutamka wazi kwamba analikana shauri lake. Mwanasheria William Blackstone, katika juzuu ya tatu ya kitabu chake juu ya sheria za Uingereza iliyotoka mwaka 1768, aliyapambanua matendo hayo mawili kwa uwazi. Kutofuata ni kosa la uzembe, na kwa hiyo mdai huruhusiwa kuanza upya akilipa gharama. Kujivuta nyuma ni kukana kwa hiari na hadharani, na anayefanya hivyo hupoteza haki yake ya kudai milele.

Tuzingatie jambo moja. Kwa mtu aliyekaa nje ya mahakama matokeo yalionekana kuwa sawa: mdai amekwenda zake, mdaiwa hakuhukumiwa. Tofauti yote ilikaa katika neno moja lililoandikwa na karani. Aliyeandikiwa neno la kwanza alirudi kwao akiwa na matumaini. Aliyeandikiwa la pili alirudi mikono mitupu.

India na kufungwa kwa mlango wa pembeni

Desturi ya kutoitika ilikuwa na kasoro iliyo dhahiri. Mdaiwa aliyejiandaa, akaleta mashahidi, na akakaribia kushinda, alinyang'anywa ushindi dakika ya mwisho na kuachwa akingoja kushtakiwa tena. Katika karne ya 19 watunga sheria walianza kuuziba mwanya huo.

Kwa upande wa India, Sheria ya Mwenendo wa Madai ya mwaka 1859, katika kifungu cha 97, iliweka kanuni ambayo bado tunaishi nayo. Mdai anayetaka kuondoka na kurudi tena na dai lile lile sharti aitosheleze mahakama kwamba ana sababu za kutosha, na apewe ruhusa. Akiondoka bila ruhusa hiyo, hawezi kuleta shauri jipya juu ya jambo hilo. Kanuni hiyo iliendelezwa katika sheria ya mwaka 1882, na katika sheria ya mwaka 1908 ikawekwa katika Amri ya 23.

Uingereza yenyewe ilifuata njia nyingine kidogo. Chini ya kanuni za mwaka 1883, mdai aliweza kuliacha shauri kwa notisi katika hatua za mwanzo, akilipa gharama, na kuacha huko hakukumzuia kudai tena. Hatua hizo zikipita, alihitaji idhini ya mahakama. Katika shauri la Fox dhidi ya kampuni ya gazeti la Star, Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 1898 kwamba ile haki ya zamani ya kutofuata imekwisha, na Baraza la Malodi likauthibitisha uamuzi huo. Jaji Chitty alieleza msingi wake kwa mfano unaokumbukwa hadi leo: aliyemwita mwenzake pambanoni hawezi, shauri likishafika hatua fulani, kuponyoka kwa mlango wa pembeni.

Kanuni yafika Afrika ya Mashariki

Baada ya Waingereza kuichukua Tanganyika, Sheria ya India ya mwaka 1908 ilianza kutumika hapa kwa amri ya mwaka 1920 iliyoingiza sheria kadhaa za India. Iliendelea kutumika hata baada ya uhuru, mpaka Bunge lilipotunga Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Na. 49 ya mwaka 1966. Sheria hiyo mpya ilihifadhi Amri ya 23 karibu kama ilivyokuwa. Kwa ufupi, kanuni zake ni hizi:

(a) Mdai aweza wakati wowote, baada ya kufungua shauri, kuliondoa au kuacha sehemu ya dai lake.
(b) Mahakama ikiridhika kwamba shauri litashindwa kwa sababu ya kasoro ya utaratibu, au kwamba kuna sababu nyingine za kutosha, yaweza kumruhusu mdai aliondoe na awe na uhuru wa kufungua shauri jipya.
(c) Akiliondoa bila ruhusa hiyo, aweza kuamriwa kulipa gharama, na amezuiwa kufungua shauri jipya juu ya jambo hilo.
(d) Wadai wakiwa wengi, mmoja wao hawezi kuruhusiwa kuliondoa bila ridhaa ya wenzake.
(e) Hata aliyepewa ruhusa hubanwa na ukomo wa muda kana kwamba shauri la kwanza halikufunguliwa kamwe.

Tuchukue mfano wa kubuni ili uzito wa kanuni hizi uonekane. Mkulima anamdai mfanyabiashara bei ya mazao waliyoandikiana mkataba. Kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo wa Muda ya mwaka 1971, dai la mkataba lina muda wa miaka 6. Mkulima anafungua shauri mwaka wa tano. Baada ya miezi michache inaonekana kwamba hati yake ya madai ina kasoro. Anaambiwa, "Iondoe tu, utarudi." Akiiondoa bila kuomba ruhusa ya kurudi, dai lake limekwisha siku hiyo hiyo, ingawa miaka 6 haijatimia. Akiomba ruhusa na kuipata, bado hana budi kuwahi kabla miaka hiyo haijatimia. Akichelewa, ruhusa iliyo mkononi mwake haimsaidii kitu. Maji yakishamwagika hayazoleki.

Mkulima huyo anategemea kuelewa maneno mawili au matatu ya Kiswahili. Akiulizwa na hakimu, "Unaondoa shauri lako?" atajibu ndiyo, kwa kuwa neno kuondoa halimwambii kama aliondoacho chaweza kurudishwa.

Neno moja, maana mbili

Hapa ndipo penye fundo. Sheria ya mwaka 1966, kama ile ya India iliyorithi, ilitumia neno moja kwa anayeondoa na kurudi, na kwa anayeondoa asirudi. India yenyewe iliiona kasoro hiyo. Kwa marekebisho ya mwaka 1976 kanuni ya kwanza iliandikwa upya: mdai hutajwa kuwa anaacha shauri au sehemu ya dai pale anapofanya hivyo kwa hiari yake tu, na neno kuondoa likawekwa kwa yule anayeomba ruhusa. Mdai aliye mtoto akakingwa, kwa kuwa shauri lake haliwezi kuachwa pasipo idhini ya mahakama. Kwa kuwa sheria yetu ilitungwa miaka 10 kabla, sisi tulibaki na lugha ya zamani.

Majirani na mataifa mengine wamelipanga jambo hili kwa namna zao. Kenya imekuwa na sheria yake ya mwenendo wa madai tangu mwaka 1924. Chini ya Amri ya 25 ya kanuni zake za mwaka 2010, mdai anayeacha shauri kwa notisi ya maandishi kabla halijapangiwa kusikilizwa hazuiwi kudai tena baadaye. Ina maana kwamba tendo lile lile, likitafsiriwa kwa neno lile lile, lina matokeo tofauti Nairobi na Dar es Salaam. Mtafsiri anayechukua istilahi kutoka nchi moja na kuipeleka nyingine sharti aseme ni sheria ya wapi.

Marekani, kwa Kanuni ya 41 ya mahakama za shirikisho iliyoanza mwaka 1938, imehesabu mara. Mdai akiliondoa shauri kwa notisi mapema, mara ya kwanza hana lawama, isipokuwa notisi yenyewe iseme vinginevyo. Akiliondoa kwa notisi tena baada ya kuwa amekwisha kuliondoa dai hilo hilo siku za nyuma, kuondoa huko ni kama hukumu juu ya dai lenyewe.

Sheria za Kifaransa na za Kibelgiji ndizo zilizopata majina yaliyo wazi zaidi. Hutumia neno moja, désistement, kisha hulipambanua kwa neno la pili: kuna kujitoa katika mwenendo wa shauri, na kuna kujitoa katika haki ya kudai. Sheria ya Mahakama ya Ubelgiji ya mwaka 1967 imeyaweka katika vifungu viwili vinavyofuatana, cha 820 na cha 821. Wasemaji wa Kiswahili wa Kongo, ambako Kifaransa ndiyo lugha ya mahakama, hawana budi kuzikuta istilahi hizi wanapotafsiri, na neno "kuondoa" peke yake haliwezi kuwatosha.

Mapendekezo

Tukiyatazama maneno tuliyo nayo, tunaona kwamba Kiswahili hakihitaji kuazima. Kinahitaji kupanga. Tunapendekeza mambo matano.

Kwanza, kuondoa shauri kuwe ni tendo la mdai juu ya mwenendo wa shauri, si juu ya haki. Kila mara ruhusa inapotolewa, iandikwe kwa ukamilifu: shauri limeondolewa na mdai kwa ruhusa ya kudai upya. Maneno "kwa ruhusa ya kudai upya" yasikatwe kwa ajili ya ufupi, maana ndiyo yanayobeba haki ya mtu.

Pili, kuacha dai kuwe ni jina la tendo la kuimaliza haki. Mdai anayetaka kuondoka bila ruhusa ya kurudi aulizwe kwa maneno hayo: "Je, unaliacha dai lako?" Neno hili lina nguvu ya kutosha masikioni mwa Mswahili. Watu wetu wanajua tofauti ya talaka rejea na talaka isiyo na rejea, na wanajua kwamba kauli moja yaweza kufunga mlango. Hawatashindwa kuelewa tofauti ya kuondoa na kuacha ikiwa sisi wenyewe tutaishika.

Tatu, kufuta kesi kusitumike kwa tendo la mdai. Kufuta ni kuondoa alama hata isionekane, na mdai hana uwezo huo. Shauri lililoondolewa hubaki katika kumbukumbu: kwa hilo mdai aweza kudaiwa gharama, na kwa hilo aweza kuzuiwa kurudi. Anayeambiwa kwamba kesi yake "imefutwa" hudhani kwamba mambo yamerudi kama yalivyokuwa kabla hajafika mahakamani. Mara nyingi sivyo.

Nne, matendo ya mahakama yawe na majina yake, mbali na yale ya mdai. Mwaka 1959, katika shauri la chama cha ushirika cha Ngoni-Matengo, Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki ilieleza kwamba rufani isiyofunguliwa ipasavyo haistahili kutupwa, bali kuondoshwa katika orodha, kwa kuwa hakuna rufani halali ya kutupa. Basi tuseme shauri limetupwa pale mahakama ilipolikataa kwa uamuzi wake, na limeondoshwa orodhani pale lilipokuwa halikufunguliwa ipasavyo.

Tano, tujihadhari na kauli ya kutendwa isiyotaja mtenda. Sentensi "shauri limeondolewa" ni Kiswahili safi, lakini haisemi ni nani aliyeliondoa. Msomaji wa jalada baada ya miaka miwili hatajua kama mdai alijiondokea au mahakama ilimwondoa. Katika barua ya kawaida upungufu huo ni mdogo. Katika amri ya mahakama, ni shamba la mtu au mshahara wake.

Hitimisho

Historia tuliyoipitia yaonyesha jambo moja. Kila mahali ambapo mdai amepewa uhuru wa kuondoka, sheria imelazimika kuuliza kama ameacha ugomvi wa siku hiyo au ameacha haki yake. Makadhi waliuliza, makarani wa Uingereza waliuliza, na watunga sheria wa India walirudi kuuliza mwaka 1976. Kiswahili nacho, sasa kwa kuwa kimekaa katika kiti cha hakimu nchini Tanzania, sharti kiulize swali hilo kwa maneno yake.

Kazi hii haiwezi kufanywa na wanasheria peke yao. Mwalimu akifundisha kwamba kuondoa shauri siko kuacha dai, mtafsiri akizishika istilahi hizo mbili bila kuzichanganya, na karani akiandika sentensi kamili badala ya neno moja, mdai wa kawaida atatoka mahakamani akijua kama ana njia ya kurudi au hana.